Ukoo Mzima Katika Mashine ya Tatu

Jumatatu, 4 Novemba

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Ijumaa. Ni feni ya mashine ya tatu ikipanda mbio peke yake. Zile mbili za jirani yake zilikuwa zinapumua taratibu, kama watu waliokwisha kula wakaegemea ukuta, na hii ya tatu inalia kama mtu anayefukuzwa. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha baridi nikaisikiliza mpaka vidole vikafa ganzi.

Mashine ziko sita, tatu hapa Apia na tatu Salelologa, ng'ambo kisiwani Savai'i, na zinabeba kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki zote za visiwa viwili. Hakuna mtu anayekaa kuzigawa. Programu inagawa yenyewe. Inazipanga kumbukumbu kwa kufuata ufunguo, yaani neno ambalo kila moja imeandikwa chini yake, inazikata vipande, kila mashine inapewa vyake. Kipande kikinenepa, inakikata mara mbili. Mashine ikielemewa, inachukua kipande na kukihamishia kwenye mashine iliyo nyepesi. Inafanya hivyo kutwa kucha bila kuuliza nani ni nani. Ni kitu pekee ofisini humu ninachokiheshimu.

Lakini ufunguo ulichaguliwa na binadamu. Alapati, mkurugenzi wetu, binamu wa baba yangu na mwenye nyumba ninamolala, alichagua cheo cha ukoo. Kila mgonjwa ameandikwa chini ya cheo ambacho nyumba yao inakitumikia. Koo ndogo hazina shida. Tauvaleula ni ukoo mkubwa kuliko zote, na cheo chenye jina hilohilo kinashikwa na wanaume wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na nyumba zake. Wote wana ufunguo uleule, herufi kwa herufi. Programu inatafuta mahali pa kupitisha kisu na haipaoni. Kipande kimenenepa, hakikatiki, hakibebeki, na kimekaa juu ya mashine ya tatu.

Desemba baba yangu anapewa cheo hicho. Akishakipokea, kumbukumbu yake itatoka ilipo, chini ya jina la babu yake, na kuingia humo. Baba hapatani na penisilini. Sindano moja karibu imuue nilipokuwa mtoto, na nje ya kichwa chake, changu na cha Mama jambo hilo liko kwenye kumbukumbu hiyo tu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Alapati.

"Baba Mkubwa, naomba dakika zako."

"Nyumbani ni Baba Mkubwa. Hapa ni Mkurugenzi."

"Mkurugenzi, tubadilishe ufunguo kabla mvua hazijaanza. Tutumie namba ya kadi ya mgonjwa, programu iivuruge kwanza, halafu igawe kwa huo mvurugo. Watu watasambaa sawa kwenye mashine zote."

Aliweka kalamu chini. Ana namna ya kuweka kalamu chini kama mtu anayelaza mtoto.

"Watasambaa."

"Ndiyo."

"Fiasili, siku ya kwanza wazee waliniuliza swali moja tu. Hawakuuliza bei, hawakuuliza umeme. Waliuliza, watu wetu watakaa wapi humo ndani? Nikawaambia, watakaa pamoja. Ndipo wakatoa majina. Sasa niende nikawaambie baba yuko mashine ya kwanza, mtoto wa nne, na bibi tumemvusha bahari?"

"Hawatajua. Kumbukumbu haina upweke."

"Umejifunza hayo ulikosomea ughaibuni, Dunedin," akasema, "ambako mtu anakufa chumbani kwake na jirani anajulishwa na harufu."

Nikamwambia mashine ya tatu itashindwa. Akauliza imewahi kuzima. Nikasema haijawahi. Akachukua kalamu yake.

Usiku huu tumekula meza moja. Amenipakulia gimbi mwenyewe, kipande kikubwa. Nimekila chote kwa hasira.

Jumatano, 13 Novemba

Merisiana amejua. Yeye ndiye anayesimamia majina; kila anayezaliwa, anayeolewa, anayepewa cheo, anapita kwenye vidole vyake, ambavyo siku zote vina mafuta ya panikeke, yale maandazi ya hapa.

"Nasikia msomi anataka kututawanya," akasema mbele ya ofisi nzima.

"Nataka kuwahudumia."

"Mimi nikitawanywa, naomba niwekwe mbali na mume wangu. Hilo mashine yako inaweza?"

Wakacheka wote. Sijui kwa nini mtu kama huyo anapewa ufunguo wa mlango, achilia mbali wa kumbukumbu za watu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Feni.

Jumanne, 26 Novemba

Nesi wa kliniki ya Faletagi, kijijini kwetu kule Savai'i, amepiga tena. Anaitwa Sinapati na sauti yake inakwaruza.

"Mtandao wenu umelala."

"Haujalala. Kumbukumbu gani unafungua?"

"Ya mtoto. Tauvaleula."

"Subiri."

"Nimesubiri mpaka mama yake kamaliza kumnyonyesha, kamcheulisha, mtoto kalala. Wa koo nyingine wanafunguka, huyu hafunguki. Nyinyi huko mmekaa kwenye baridi mnafanya nini hasa?"

Nilimwambia atumie lugha ya heshima. Akacheka puani, akakata. Nimeandika jina lake kwa Alapati kama mtu mwenye lugha chafu. Anastahili.

Jumamosi, 7 Desemba, Faletagi

Leo wamempa Baba cheo. Wanaume saba wamepokea Tauvaleula kwa siku moja, na Alapati mmoja wao. Siku hizi ndivyo inavyofanywa, ili kila tawi liridhike na pasiwe na kesi. Waliketi kila mmoja kwenye nguzo yake ya nyumba ya mikutano, vifua vimepakwa mafuta, viuno vimefungwa siapo mpya, nguo ya magome ya mti, iliyokuwa bado inanuka rangi. Baba alikuwa wa mwisho. Ni mtu wa shamba, hana mazoea ya kutazamwa. Kikombe cha ava, kinywaji cha kutawazia, kilipomfikia, mikono yake ilitulia ghafla na uso wake ukawa uso nisioufahamu, wa mtu mkubwa. Nilitaka kulia. Badala yake nilikuwa nahesabu nyumba zilizo nyuma ya kila mmoja wao, wake na watoto na wajukuu, wote wakiingia kwenye ufunguo mmoja.

Alapati alisimama kutoa hotuba. Alizungumza vizuri, lazima nikubali. Akasema ukoo uliotawanyika Auckland na Sydney sasa una mahali pamoja ambapo majina yote yanalala chini ya paa moja, na hata kompyuta za serikali hazina hilo. Akanitafuta kwa macho. "Wapo vijana wetu wanaoogopa kwamba tumezidi. Mimi sijawahi kuona ukoo uliokufa kwa kuwa mkubwa."

Kicheko kikubwa. Shangazi aliyekuwa karibu yangu alinifinya paja. "Inamisha uso, wewe. Unamwangalia baba yako mkubwa kama anayekudai."

Jioni nikamfuata Baba nyuma ya jiko. Mama yuko Auckland kwa mtoto wa dada yangu, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisaidia kumshawishi. Nikamwomba avae bangili ya chuma niliyomletea, iliyochorwa neno penisilini.

"Kila nesi wa hapa ana maandishi yangu kwenye kompyuta yenu," akasema.

"Siku kompyuta ikichelewa?"

"Kwani si wewe unayeiangalia?"

"Baba, vaa tu."

Akaigeuzageuza bangili. "Leo nimepewa cheo, kesho nitembee na kibandiko kama kuku wa mnadani." Akanirudishia kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi kuliko maneno ya Alapati.

Jumatatu, 9 Desemba

Merisiana amebadilisha majina ya nyumba saba. Nilikaa pembeni yake.

"Mwache Baba kwenye jina la zamani. Mwezi mmoja tu."

"Akifika kliniki wakamwita jina la babu yake mbele ya watu, nani atatukanwa? Wewe au mimi?"

"Mimi."

"Wewe hutukanwi. Wewe unaogopwa. Ni tofauti." Akabonyeza.

Niliona kumbukumbu ya Baba ikifutwa mashine ya kwanza na kuandikwa mashine ya tatu. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Merisiana akalamba kidole, akaendelea na mwingine.

Ijumaa, 20 Desemba

Joto. Mbu. Alapati kakataa ombi langu la maandishi. Kaandika pembeni: limeshazungumzwa.

Jumatano, 8 Januari

Homa ya dengi imefika. Imeanza Apia, sasa iko vijiji vya kusini mwa Savai'i. Watu wanafika kliniki familia nzima, wamebebana.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimemweleza Alapati tena, mbele ya wengine, na sikupunguza sauti.

Kila kumbukumbu ina nakala mbili kwenye mashine nyingine. Mashine ikifa, programu inateua nakala ichukue nafasi yake na kliniki haijui kilichotokea. Ndiyo maana Alapati analala usingizi. Lakini mashine ya tatu haifi. Iko hai, inajibu kila anayeuliza kama i hai. Imezidiwa tu. Anayezidiwa haondolewi kazini; maombi yanapanga foleni mbele yake na mashine tano zinatazama.

"Basi izime wewe," akasema Alapati. "Nakala ichukue."

"Mzigo wote utahamia kwenye nakala, nayo italia hivihivi. Tatizo si mashine. Ni ufunguo."

"Kila siku ufunguo."

"Kwa sababu kila siku ni ufunguo."

"Fiasili." Aliongea taratibu sana. "Nilikuleta hapa kwa sababu baba yako aliniomba. Unakula kwangu. Unalala kwangu. Ukoo ndio uliolipa tiketi yako ya kwenda kusomea haya unayonipigia nayo kelele. Hakuna siku niliyokusikia ukisema neno ukoo bila kulitema."

Hakuna aliyeinua uso. Merisiana alikuwa amejifanya anazungumza na simu.

Nimeketi chumbani nikajiuliza kama ni kweli. Nadhani ni kweli. Haibadilishi lolote kuhusu mashine.

Jumatatu, 20 Januari

Foleni. Foleni. Nesi Sinapati kapiga, hakunitukana. Alisema tu, "Bado?" Nikasema bado. Akasema ahsante. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 22 Januari

Upepo kutwa. Mitaa ya chini imejaa maji. Kule Faletagi mabati ya ukumbi wa kanisa yameng'oka na wanaume wako juu wanayafunga. Baba akiwa mmoja wao, bila shaka. Mwenye cheo anapanda wa kwanza.

Ijumaa, 24 Januari

Naandika kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Asubuhi binamu yangu alituma ujumbe kwamba bati lilimkata Baba mguu juzi, kidonda kimevimba, tangu jana ana homa kali na anaongea na watu wasiokuwapo. Wanampeleka kliniki kwenye gari la mchungaji. Nikapiga kliniki. Laini inatumika. Nikapiga tena. Nikampigia binamu, simu imezimwa; ujumbe wangu kwamba asichomwe penisilini haukufika.

Basi nikafungua dirisha la foleni ya mashine ya tatu. Hapo unaona kila ombi linalosubiri: kliniki gani, namba gani ya kadi. Yalikuwa yanapanda kutoka chini ya kioo kama maji kwenye kisima. Naijua namba ya Baba kwa moyo. Niliiona ikiingia. Faletagi, namba ya Baba, inasubiri.

Sijui namna ya kueleza jinsi ilivyo kumwona baba yako akiwa namba kwenye mstari, na mbele yake wamesimama jamaa zake mwenyewe, mamia, watoto wenye homa, kina mama wajawazito, wazee wa presha, wote wanaitwa jina lake. Kila aliyehudumiwa, Baba alisogea. Kisha programu ikafanya kitu chema ilichofundishwa: ilijaribu kukata kipande. Ikasimamisha kila kitu, ikatafuta mpaka, haikuuona, ikaacha. Ombi la Baba likaisha muda likafutwa. Nesi akaomba upya. Baba akarudi mwisho wa mstari.

Nilisimama nikapiga kelele. Sikumbuki maneno, zaidi ya mguu na penisilini. Merisiana alikuja akaangalia kioo, akaangalia namba. Akatoa simu yake ya mkononi, si ya ofisi, akabonyeza jina lililokuwa la kwanza kabisa.

"Sinapati, ni Meri. Huyo wa mguu, usimchome penisilini. Namsoma kwenye nakala ya Salelologa, tulia nakusomea..."

Akasikiliza. Akaketi chini sakafuni.

Alikuwa ameshachomwa.

Jumapili, 26 Januari

Yu hai. Sinapati alimchoma adrenalini papo hapo na kumpumulia kwa mpira mpaka gari la hospitali lilipofika. Moyo ulisimama kwa muda. Mkono wa kushoto bado haushiki.

Niko kando ya kitanda chake, hospitali ya Tuasivi. Amefumbua macho mara moja akauliza kama bati limefungwa.

Jumatatu, 27 Januari

Merisiana amenieleza kwenye simu. Tangu Krismasi amekuwa akisoma kumbukumbu za Tauvaleula kwenye nakala za Salelologa na kuwapigia manesi, mmoja mmoja, kwa muda wake wa kula na kwa salio lake. Nakala zinachelewa kidogo kuliko asili, hairuhusiwi kuzitumia kwa matibabu, kwa hiyo hakusema.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ungeandika ripoti."

Ningeandika.

Alhamisi, 30 Januari

Ofisi imetoa maelezo. Nimeyasoma mara nyingi kutafuta uongo na sikuupata. Mashine zote sita zilikuwa hai siku ile. Hakuna kumbukumbu iliyopotea. Nesi alitoa dawa kabla ya kusoma kumbukumbu ya mgonjwa, kinyume cha utaratibu.

Nikamwendea Alapati.

"Kila neno ni kweli," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Ndiyo. Na unajua."

"Nesi alipaswa kusubiri."

"Mtu ana homa ya kidonda, anaongea na wafu, kumbukumbu haifunguki. Asubiri mpaka lini, Baba Mkubwa?"

Aligeukia dirisha. Amekonda, Alapati. Tangu Ijumaa ile hajala mezani. Nilidhani atasema kitu, nikangoja kwa nguvu zote za chuki yangu. Akasema, "Nikibadilisha sasa, nitakuwa nimekiri kwamba ni sisi. Ukoo mzima utakuwa umeniamini bure."

Ndipo nilipoelewa kwamba anajua kila nilichomwambia tangu Novemba. Hakuwahi kuwa mjinga. Nilikuwa nimemchukia kwa kosa lisilo lake.

Jumatatu, 3 Februari

Baba karudi nyumbani. Nesi kasimamishwa kazi. Mvua haikatiki.

Jumamosi, 8 Februari, Faletagi

Kulipopambazuka walikuwa wameshafika. Niliamshwa na ukimya. Mbwa walikuwa wamenyamaza. Kwenye uwanja mbele ya nyumba walikuwa wamepiga magoti watu kama kumi, wameinamisha vichwa, wamefunikwa mikeka myembamba ya ukoo wao, ile inayofumwa kwa miaka. Mvua ilikuwa inaipiga. Mbele walikuwa wameweka kuni na mawe ya kupikia, kusema kwamba tukitaka kuwaoka kama nguruwe ni haki yetu. Ni ifoga. Watu wa Sinapati wamekuja kumwombea msamaha kwa alichomfanyia mwenye cheo.

Ndani tulikaa tukiwatazama. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka wake, mkono umefungwa kifuani. Wenye cheo waliketi kwenye nguzo, Alapati wa kwanza. Wa nje hawaruhusiwi kusema wala kuinuka mpaka mmoja wetu atoke na kuinua mkeka. Ndivyo msamaha unavyotolewa. Wasipoinuliwa, wanaondoka na aibu, na mambo yanaweza kwenda pabaya.

"Waacheni kidogo," akasema Alapati. "Jambo si dogo."

"Mvua hiyo," akasema shangazi.

"Waacheni."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama uwanja, na nikaona kwamba haachi kwa kiburi. Alikuwa haoni namna ya kwenda kumsamehe mtu kwa kosa lake mwenyewe.

Sikupanga. Nilishuka ngazi. Nyasi zilikuwa zimelowa maji ya baridi. Nikasikia shangazi akiita jina langu mara moja, kwa sauti ya chini ya kutisha. Nilifika kwenye mikeka nikainua ncha, nikaingia chini, nikapiga magoti.

Chini mle kulikuwa na giza la kijani na harufu ya majani makavu yaliyolowa. Sinapati alikuwa pembeni yangu. Sikuwahi kumwona uso. Ni mdogo kuliko mimi.

"Toka," akanong'ona. "Wewe ni wa kwao."

"Sitoki."

"Ukiwa humu hawatauinua. Unatuharibia. Kaka zangu wamebeba mawe usiku kucha."

"Ulisubiri kumbukumbu. Nilikuona ukisubiri. Uliomba mara mbili."

Nikasikia akipumua kwa shida. Kisha akasema, "Ni wewe uliyenishtaki kwa lugha chafu?"

"Ni mimi."

"Kweli wewe ni mtu wa ajabu," akasema, na kwa sauti ile ya kukwaruza nikajua hanisamehi, wala sikuwa nimemwomba.

Tulikaa. Magoti yakazama kwenye tope. Ndani ya nyumba sauti za wanaume zilipanda na kushuka, ya Alapati ikiwa kali, halafu haikusikika tena. Kisha hatua, za mtu anayekokota mguu. Mkeka ukainuka na mwanga ukatuingia machoni.

Alikuwa Baba, ameshikiliwa na binamu yangu, mkono mmoja tu ukifanya kazi. Aliwatazama wote, akamaliza na mimi. Hakuonekana kushangaa, wala kupendezwa.

"Inukeni," akawaambia wao. "Mvua itawaua. Ingieni mnywe chai."

Akamshika Sinapati bega. Mimi hakunishika. Walipokuwa wameingia wote, akaniambia polepole, bila ukali, "Jambo langu la kwanza tangu nipewe jina hili, na mwanangu mwenyewe kalifanya mbele ya kijiji kama ugomvi wa sokoni. Kama una la kusema na Alapati, lisemee kwa Alapati. Usilisemee kwenye magoti ya watu maskini."

Nimefikiri maneno hayo kutwa. Ana haki. Niliitumia toba isiyo yangu kumpiga nayo mtu mwingine. Lililo langu liko kwenye mashine.

Jumatatu, 10 Februari, Salelologa

Nimebadilisha ufunguo.

Jana asubuhi, kengele za pili za kanisa zilipokwisha na barabara ikabaki na kuku tu, niliingia ofisi ya huku kwa kadi yangu mwenyewe na kwa jina langu mwenyewe. Nilichukua kwanza nakala kamili ya kila kitu. Merisiana alikuwa Apia kwenye simu. Hakwenda kanisani, jambo ambalo mume wake atalizungumza mpaka Pasaka. Alizipigia kliniki zote akawaambia wasiandikishe mtu mpya mpaka awaambie, na mwenye dharura wamsomee yeye jina.

"Una hakika, msomi?"

"Ndiyo."

"Watakutimua."

"Najua."

"Na mimi?"

"Nimeandika kwamba hukujua."

"Futa," akasema. "Andika nilijua. Nimechoka kununua salio."

Nikafuta, nikaandika alijua.

Programu ikaanza yenyewe. Ilichukua namba ya kila kadi, ikaivuruga, ikatazama mvurugo ule unaangukia wapi, ikaipeleka kumbukumbu huko. Hakuna cheo ilichoheshimu wala ilichodharau. Kile kipande kilichokuwa hakikatiki kilianza kumeguka. Ibada ilipokwisha na watu wakawa wanarudi kula, mashine sita zilikuwa na mizigo inayolingana. Baba yuko mashine ya tano. Alapati yuko ya pili. Mimi niko ya sita, na shangazi aliyenifinya paja yuko ya kwanza pamoja na watu asiowajua. Nilifungua kumbukumbu ya Baba. Neno penisilini lilikuwa juu kabisa, kwa herufi nyekundu, kabla sijaondoa kidole.

Leo asubuhi nilimpigia Alapati mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Nilimweleza nilichofanya, hatua kwa hatua, bila kumtukana. Nikamwambia pia lililo baya: orodha ya ukoo mzima, ile anayopenda kuisoma kwenye mikutano, sasa lazima iombwe kwa mashine zote sita na itachelewa kutoka.

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Inarudishika?"

"Inarudishika. Nakala iko kwenye kabati lako la ofisi ya huku, na maelekezo nimeyaandika. Mtu yeyote anaweza kuifanya Jumapili moja."

"Na wewe?"

"Nimeshaacha ufunguo wa nyumba kwa mkeo kule Faletagi. Barua yangu ya kuacha kazi iko humohumo kabatini, na maelezo ya kwa nini nesi hakuweza kusoma kumbukumbu nimeyapeleka kwa waliomsimamisha, yakiwa na sahihi yangu."

Hakukata simu, nami sikukata. Kisha akauliza kama kumbukumbu za kliniki zinafunguka. Nikamwambia zinafunguka.